DS Isomeni kwa Uzito: Kwa Wanaoanza Mwaka wa Kwanza Mlimani

Wadogo zangu mnaoripoti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna maneno mtayasikia kabla hata hamjapata vyumba: "DS ni ya kupitia tu, desa la mwaka jana linatosha." DS ni Development Studies, yaani taaluma za maendeleo, kozi ya lazima kwa wote; desa ni notsi za kunakili kwa waliotangulia. Nilisoma uhandisi pale, na nawasihi msiyafuate.

Tuanze na hesabu. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za kozi, kisha jumla hugawanywa kwa krediti zote kupata GPA, yaani wastani wako. Hakuna anayeuliza kama kozi ni ya fani yako. Kwa shahada ya miaka mitatu kiwango cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni krediti 360. Tuseme una kozi mbili za lazima, krediti 12 kila moja. Mwenye C mbili na mwenye B+ mbili wanaachana kwa pointi 48, yaani 0.13 kwenye GPA. Inaonekana kidogo, lakini 3.4 ni daraja la pili la chini, 3.5 ni la juu.

DS pia haikuwekwa kujaza ratiba. Oktoba 1966 wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na chuo kikabanwa kieleze kinamsomesha nani, kwa faida ya nani. Taaluma za maendeleo zikawa somo la wote, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi yake.

Mimi faida niliipata kwenye semina. Tulipewa swali la viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo miaka ya 1970 na 1980, kisha vingi vikasimama. Sisi wa uhandisi tukakimbilia mashine: vipuri, umeme, punje kuvunjika. Dada mmoja wa sosholojia, kwao Newala, akatuuliza korosho zenyewe zilikuwa wapi. Mavuno yalikuwa zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74; kufika 1986/87 hayakufika 20,000. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ya mkulima ikawa duni, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, nao ukashambulia maua. Mashine zipo, malighafi hakuna! Hadi leo siwezi kukaa kwenye mradi bila kuuliza malighafi italetwa na nani, na huyo mtu atalipwa nini. Swali hilo sikulipata kwenye kozi yoyote ya mitambo.

Stadi za mawasiliano nazo zishikeni mapema. Ndiko mnakofundishwa kunukuu chanzo na kuandika ripoti, na ripoti zitawaandama hadi kwenye mafunzo kwa vitendo.

Kumbukeni pia kwamba alama 40 kati ya 100 hupatikana kabla ya mtihani wa mwisho, kwenye testi na semina. Kwa hiyo usikubali kuwa jina tu kwenye karatasi ya kikundi. Omba sehemu ya kuwasilisha, hata kama Kiingereza chako bado kinakwama. Wengi mle ndani wako hivyo hivyo. Mkufunzi akikukosoa, andika alichosema, kisha mfuate baada ya kipindi umuulize ulipaswa kusoma nini.