Uzito wa juu haujafa, kaka

Unasema ngumi za uzito wa juu zimekufa kwa vile Usyk, bondia wa Ukraine aliyezaliwa 1987, amewachapa wote? Hapana kaka, yule ni wa kipekee tu. Rudia kutazama raundi ya 9 ya pambano lake na Mwingereza Fury, Riyadh, Mei 2024: Fury, jitu zima, linayumba kwenye kamba kama limelewa, refa analihesabia. Dubois naye, Mwingereza mwingine, alimlaza Mwingereza mwenzake Joshua raundi ya 5, halafu Julai 2025 Usyk akamzima raundi hiyohiyo.

Ukame wa mabondia wa uzito huo uko Marekani. Vijana wenye miili hiyo wanakimbilia NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na kikapu, kwenye mshahara wa uhakika. Uingereza kuna kijana Itauma, aliyezaliwa Desemba 2004, alimmaliza bondia mkongwe Whyte raundi ya kwanza. Ila Whyte yule alishachoka, nisikudanganye.