Karai Moja, Mioto Mitatu

Mara ya kwanza nilipojitia kukaanga vitafunwa vya Kihindi kwa ajili ya wageni ilikuwa futari ya Ramadhani, na kachori zangu, yaani madonge ya viazi yaliyochovywa kwenye rojo la unga wa dengu, zilipasuka zote. Niliweka sita kwenye karai, nikasikia "paa!", kiazi kikamwagika, mafuta yakachafuka, nikabaki na kijiko cha matundu navua vipande vya dengu kama mvuvi aliyekosa samaki. Wageni walifungua kwa tende na uji, wakasema uji ni mtamu.

Nilidhani nimekosea viungo. Nimekulia Tanga, ukuta kwa ukuta na bibi mmoja wa Kigujarati tuliyemwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Nilipomwendea na malalamiko yangu hata hakuuliza nimetia bizari gani.

"Viazi ulimenya kabla ya kuchemsha?"

"Ndiyo, Ba."

"Ukaponda bado vya moto?"

"Ndiyo, Ba."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kiazi kilichomenywa kinakunywa maji ya kuchemshia. Maji hayo yakikutana na mafuta ya moto yanageuka mvuke, na mvuke haukai ndani: unatafuta upenyo, na usipoupata unaupasua. Kwa hiyo viazi vya kachori vichemshwe na maganda yake, vimenywe, viachwe vipoe kabisa, ndipo uviponde na kutia ndimu, chumvi, pilipili na kotmiri. Rojo la unga wa dengu liwe zito la kushika kidole bila kuchuruzika. Ukiacha upenyo hata kama tundu la sindano, kachori itafunguka hapohapo. (Ukienda Mumbai usiombe kachori ukitaka hii yetu. Kule inaitwa batata vada. Kachori yao ni ya unga wa ngano, mara nyingi imejazwa choroko. Jina limevuka bahari, chakula kikabadilishwa njiani.)

Ila somo kubwa la Ba lilikuwa moto. Sisi wengi tunawasha jiko, tunasubiri mafuta yachemke, tunakaanga kila kitu humo humo. Ukitaka sinia lenye vitafunwa vya aina nne, hapo ndipo unapoharibu. Dondosha tone la rojo kwenye karai ulitazame. Likizama kisha likapanda polepole na vipovu vidogo, huo ni moto wa sambusa. Likipanda bila kusita, moto wa gathia, zile tambi kavu za unga wa dengu. Likiruka juu mara moja na kuchemka pande zote, moto wa kachori na bhajia. Likibadilika rangi kabla hujameza mate, zima jiko usubiri.

Nami napanga kazi kwa mfuatano huohuo, sambusa kwanza, bhajia mwisho. Kuyaongezea mafuta moto ni dakika mbili, kuyapoza ni robo saa. Halafu sambusa haiachi uchafu, wakati bhajia inaacha chenga chini ya karai, zinaungua na kutia kila kinachofuata uchungu.

Sambusa sitaieleza sana, kila nyumba ya pwani ina mkono wake. Nyama au dengu za ndani ziwe kavu na zimepoa, kona zibanwe kwa uji mzito wa unga wa ngano. Moto ukizidi, manda inashika rangi na kutoka vilengelenge, tabaka zake za ndani bado mbichi.

Gathia ndiyo ninayoipenda na ndiyo iliyonitesa. Vikombe viwili vya unga wa dengu, robo kikombe ya mafuta, chumvi, pilipili manga, ajwani (mbegu ndogo zenye harufu kali), mvuje kidogo (utomvu mkavu unaonuka sana) na magadi ya kuchota kwa ncha ya kisu. Unakanda kwa maji kidogo kidogo mpaka donge lilainike, kisha unalikamua kwa mashine ya mkono ya tambi juu ya karai. Ajwani na pilipili manga nilikuwa naziweka nzima kwa sababu zinapendeza machoni. Zikaziba matundu. Nilikamua mpaka kiganja kikaota lengelenge, huku zilizotangulia zinaungua. Sasa nazisaga na kuzichekecha. Na magadi usiyazidishe: gathia inavimba vizuri, halafu inakunywa mafuta kama sponji.

Mvuje nao una hadithi yake. Ba hakula kitunguu wala kitunguu saumu kwa sababu ya dini yake, na ladha ile aliipata kwenye mvuje. Bibi yangu alishangaa sana kusikia. Kwetu mvuje ni wa kumfunga mtoto mchanga, kumkinga na vijicho na mashetani.

Bhajia za viazi nazifanya za mtindo wa Nairobi, ule ambao Wahindi wa Kenya wameuhamishia hadi Wembley, London. Hapa hakuna rojo. Kata kiazi vipande vyembamba vya duara, nyunyiza chumvi, manjano, pilipili na kotmiri, acha dakika tano kitoe maji yake. Ndipo umwagie unga wa dengu mkavu pamoja na vijiko viwili vya unga wa mchele, uchanganye kwa mkono mpaka kila kipande kivae. Usijaze karai. Vipande kumi vikiingia pamoja mafuta yanapoa, mvuke unapungua nguvu, na ni mvuke huo ndio uliokuwa ukiyasukuma mafuta nje.

Ukishatoa, usirundike kwenye bakuli. Kitafunwa kinapoanza kupoa, mvuke wa ndani unanywea na kuyavuta ndani mafuta yaliyobaki juu. Kwa hiyo kung'uta palepale juu ya karai, kisha tandaza kwenye wavu hewa ipite chini.

Mafuta natumia ya alizeti yaliyosafishwa. Yale ya kukamuliwa mashineni, ya kwenye madumu, nayapenda kwenye mchicha, lakini kwenye karai la moto mkali yanatoa moshi na povu mapema.

Yanayobaki nayachuja kwa kitambaa, nayatia kwenye chupa na kuiandika. Kuna siku sikuandika. Asubuhi yake nikakaangia maandazi, mume wangu akauma moja, akatafuna taratibu, akaniangalia.

"Mama, kuna mtoto mchanga humu ndani?"