Kabla ya kanula: kwa mnaokuja kujifunza kwenye wodi za watu wazima Mtwara

Kundi jipya la wanafunzi wa shahada ya uuguzi likiripoti wodini, swali huwa lile lile: kanula, yaani kile kimrija kinachowekwa kwenye mshipa wa damu, tutaanza lini? Nawaelewa. Kitabu cha kusainiwa kina mistari mingi ya kujaza, na mwenzako aliyepangiwa mkoa mwingine keshakutumia ujumbe kwamba yeye ameshaweka tano. Lakini wadogo zangu, kanula mtaizoea tu, mikono ina tabia ya kuzoea. Kinachonikosesha raha kwa wanafunzi ni kitu kingine: mgonjwa amebadilika tangu jioni, chati imejazwa kwa mwandiko mzuri, na hakuna aliyesema neno.

Angalia safu ya upumuaji kwenye chati za wodi iliyojaa. Ishirini, ishirini, ishirini, kuanzia kitanda cha mlangoni mpaka cha dirishani. Joto limepimwa kwa sababu kipimajoto kipo, presha imepimwa kwa sababu mashine ipo. Pumzi zinataka mtu asimame dakika nzima bila kufanya kingine, ndiyo maana zinabuniwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25, hilo si jambo la kusubiri raundi ya asubuhi. Kwenye mfumo wa alama za tahadhari wanaotumia Uingereza, NEWS2, pumzi 25 peke yake zinampa mgonjwa alama 3, ambazo ndizo za juu kabisa kwa kipimo kimoja. Na pumzi hutangulia. Mwenye nimonia, mwenye kisukari ambaye damu yake imejaa asidi, anayevuja damu kwa ndani baada ya upasuaji, wote huanza kuhema wakati presha bado inaonekana ya kawaida.

Shika kifundo cha mkono wake, tazama saa, hesabu mapigo. Ukimaliza usiuachie mkono. Hamisha macho kwenye kifua, au kwenye kanga aliyojifunika, uhesabu jinsi inavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Ukimwambia unahesabu pumzi, atakupumulia anavyodhani unataka. Tazama na shingo kama inavutika, pua kama zinapanuka. Mzee ukimsalimia shikamoo akakujibu "mara... haba", umeshapata taarifa kabla hujatoa kalamu.

Na hiyo shikamoo isikosekane, tafadhali. Najua chuoni mmefundishwa kujitambulisha kwa jina na cheo, ni vizuri, fanyeni. Ila huku mzee aliyetoka Newala au Tandahimba ukimwanzia na "habari, naitwa fulani, nimekuja kukupima", umeanza vibaya, na utakayomuuliza baadaye atayajibu kwa ufupi. Wengine Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Nyumbani ni Kimakonde, na ukienda upande wa Masasi utakuta Kimakua na Kiyao. Atakuitikia "ndiyo" kwa kila swali kwa heshima, si kwamba amekuelewa. Basi usimuulize kama anameza dawa za presha vizuri. Mwombe mwanawe alete mfuko wa dawa kutoka nyumbani, vidonge vimwagwe kwenye trei, kisha umwombe akuonyeshe anameza kipi asubuhi na kipi usiku. Utashangaa yatakayotoka humo.

Kuogesha ni mtihani mwingine. Binti wa miaka ishirini na mbili kumwogesha mzee wa rika la babu yake, wote wawili wanaona aibu, na mzee atakwambia ameshaoga. Usilazimishe, na usiache. Vuta pazia, funika sehemu usiyoiosha, muulize kama angependa mjukuu wake wa kiume asaidie zile sehemu nyingine huku wewe ukikagua mgongo, matako na visigino. Ngozi lazima uione. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ndugu wafundishwe kugeuza. Kidonda cha kulalia kikishatokea ni kazi ya miezi.

Kuna swali la historia ambalo wanafunzi wengi hulipitia haraka. "Unakunywa pombe?" Jibu ni hapana, hasa mbele ya shemeji au shehe wa mtaani aliyekuja kumjulia hali. Msimu wa korosho, kuanzia kama Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, mabibo yanakuwa tele, na kwenye mabibo kuna pombe zake, uraka na nipa. Subiri ndugu watoke, uliza kwa sauti ya kawaida kabisa: uraka mwaka huu umeuonja? Wa mwisho ulikunywa lini? Andika saa na siku. Sababu ni hii: mwanaume amelazwa kwa kuvunjika mguu, siku ya pili au ya tatu anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaona wadudu ukutani, anang'oa dripu. Ndugu watasema amerogwa, na wodini kuna watakaosema ni malaria imepanda kichwani. Inawezekana ni malaria, inapimwa. Sukari nayo inapimwa papo hapo kabla ya yote. Lakini huenda pia mwili umekatiwa pombe ghafla, na hali hiyo inaua. Daktari akikuta lile jibu kwenye faili, anajua aanzie wapi.

Dripu. Lita moja iende kwa saa nane, seti yako, yaani mrija wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita moja: mililita 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Seti nyingine ni matone 15, kwa hiyo soma pakiti kwanza, hesabu itabadilika kuwa 31. Mnafaulu hesabu hii darasani. Wodini kuna ndugu ambaye ukigeuka tu anafungua kigurudumu cha kwenye mrija ili maji yaishe upesi mgonjwa apumzike. Hana nia mbaya. Mweleze mapema kwamba maji yakiingia mbio yanaweza kujaa kwenye mapafu, hasa kwa mwenye moyo dhaifu, kisha pita mara kwa mara uhesabu upya. Na iko dawa moja ambayo hata akuambie nani, huisukumi moja kwa moja kwenye mshipa: kloridi ya potasiamu. Inachanganywa kwenye maji na kwenda polepole. Ikisukumwa, moyo unasimama. Ukiona bomba la sindano lisilo na maandishi kwenye trei, litupe, usiulize ni la nani.

Sasa kutoa taarifa, ambako naona wanafunzi wazuri wanakwama. Mwanafunzi ameona, amehesabu, kisha anakuja kusema: "Sista, yule mgonjwa hali yake si nzuri." Si nzuri kivipi? Muuguzi wa zamu ana wagonjwa wengine chungu nzima, daktari yuko chumba cha upasuaji. Njoo na namba, na namba za nyuma uzilinganishe. "Mzee wa kitanda cha sita, alifanyiwa upasuaji wa tumbo jana. Saa mbili usiku pumzi zilikuwa 18, sasa saa sita ni 28. Mapigo yametoka 90 yamefika 124. Presha 100 kwa 60. Mkojo tangu saa mbili ni mililita 40. Tumbo limekaza. Naomba aonwe sasa hivi." Kwa mtu wa kilo 60 tunategemea mkojo kama mililita 30 kwa saa, kwa hiyo saa nne zilitakiwa kutoa 120. Ukisema hivyo hakuna wa kukwambia subiri. Akitokea wa kukwambia hivyo, rudi baada ya dakika kumi na namba mpya, na uandike kwenye faili umemwambia nani, saa ngapi. Adabu kwa wakubwa haizuii kurudia.

Picha za wodini msipige. Hata ya kidonda, hata uso usionekane, hata kama ni kwa kundi la darasa tu. Mtwara ni ndogo, shuka na ukuta vinajulikana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga ambalo siku moja mtataka liwape leseni.

Mwisho kuna ruhusa, ambayo wengi mnaiona ni kazi ya kujaza fomu. Mgonjwa wa presha anaporuhusiwa wakati wa korosho, muulize atalala wapi. Wengi hawarudi kijijini, wanahamia shambani kwa wiki nyingi kuokota na kulinda mzigo, na zahanati iko mbali na shamba. Ukimpa dawa za siku kumi na nne na tarehe ya kliniki, umemwandikia tarehe ambayo hatakuja. Ongea na daktari na famasi kabla hajaondoka, waone kama mgonjwa anaweza kupewa za mwezi au miwili. Mweleze mkewe au yeyote atakayekuwa naye huko shambani dalili za kumrudisha haraka: mdomo kupinda, mkono kulegea, kushindwa kutamka. Mwambie arudie kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kimakonde kama ndiyo lugha yake, na umwite mhudumu anayeijua asikilize kama amepatia.