AS2 au SFTP kwa msafirishaji mdogo wa kahawa: jibu kutoka Arusha

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba mnunuzi wenu wa kahawa aliyeko Ujerumani hataki tena kupokea ankara na orodha za mzigo kwa barua pepe, kwamba amewapa nafasi ya kuchagua kati ya AS2 na SFTP, njia mbili za kutumiana faili kwa usalama kati ya kompyuta za kampuni, na kwamba ofisi yenu hapo Moshi ina fundi mmoja tu wa kompyuta; pia umeuliza kama WhatsApp inafaa kwa ankara za haraka. Nimesimamia kazi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa hapa Arusha, katika kampuni inayosafirisha mboga mbichi, na ushauri wangu ni kwamba mwanze na SFTP, ingawa AS2 ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwamba waraka umefika.

Kanuni za AS2 zilichapishwa mwaka 2005 katika RFC 4130, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti. Waraka husafiri kwa njia ileile inayotumiwa na tovuti, ukiwa umetiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa mtumaji (msimbo anaobaki nao yeye peke yake) na kufungwa kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji (msimbo anaowapa wengine). Uzuri wake mkubwa ni stakabadhi: mfumo wa mpokeaji unaweza kurudisha ujumbe uliotiwa sahihi, wenye alama iliyokokotolewa kutokana na waraka wenyewe, kiasi kwamba mnunuzi hawezi kudai baadaye kuwa ankara haikufika au ilifika ikiwa na bei nyingine. Aliyewahi kubishana na mnunuzi kuhusu siku ambayo muda wa malipo ulianza kuhesabiwa ataelewa kwa nini naithamini stakabadhi hiyo kuliko usimbaji, yaani kule kuufunga waraka usisomwe na wengine. Hata hivyo, ili nanyi mpokee oda kwa AS2, lazima seva yenu iwe hewani wakati wote, kwenye anwani isiyobadilika, na umeme wetu sote tunaujua. Unaweza kukodi huduma hiyo kwa kampuni nyingine, lakini hapo ufunguo wenu wa siri utakuwa mikononi mwao, kwa hiyo someni mkataba vizuri.

Kwa SFTP mnajiunga na seva ya mnunuzi mnapokuwa tayari, mnaweka ankara, mnachukua oda na kuondoka. Msiichanganye na FTP ya kale, ambayo hupitisha nywila wazi. Tumieni jozi ya funguo, wa siri mnaobaki nao na wa umma mnaompa mnunuzi, badala ya nywila. Mkijiunga mara ya kwanza, programu itaonyesha alama ya utambulisho ya seva na kuuliza kama mnaikubali. Wengi hubonyeza ndiyo bila kusoma, ilhali huo ndio wakati wa kumpigia simu fundi wa mnunuzi na kulinganisha alama hiyo herufi kwa herufi.

Jambo moja dogo husumbua kuliko wadukuzi. Mtandao ukikatika katikati ya kupakia, mfumo wa mnunuzi unaweza kuichukua faili ikiwa nusu na kusoma magunia pungufu. Pakieni faili kwa jina la muda linaloishia na .tmp, kisha mkalibadilishe likishafika lote, na mkubaliane naye kwamba faili zenye jina hilo asiziguse. Kwa kuwa SFTP haina stakabadhi yenye sahihi, tieni ankara sahihi ya PGP, mfumo wa kutia faili sahihi za kidijitali, kabla ya kuituma, naye awawekee kwenye folda faili ya kuthibitisha mapokezi, iliyotiwa sahihi yake.

Ufunguo mpya, au akaunti mpya ya benki, ukitangazwa kwa barua pepe, usikubaliwe mpaka mpige simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Kuhusu WhatsApp kwa ankara za haraka, ni kweli ujumbe wake umesimbwa njiani, lakini nakala hubaki kwenye simu ya mfanyakazi, naye akiacha kazi anaondoka nayo. Mteja akiwa na haraka, mtumieni namba ya ankara tu, aichukue yenyewe kwenye folda.