Pipa la mboji linanuka: ninunue lile la kuzungusha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba. Kwa miezi minne sasa natupia maganda ya matunda na mabaki ya mboga kwenye pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko. Nilitarajia mboji, badala yake nimepata uji mweusi unaonuka mayai viza, na nzi wananivamia kila nikifunua. Nimeona yakisifiwa mapipa ya kuzungusha kwa mkono, eti mboji inakuwa tayari kwa wiki mbili. Je, ninunue? Na huu uji niumwage wapi?

JIBU: Marahaba. Usinunue kwanza, na huo uji usiumwage. Ni mali, ila umekosa hewa.

Harufu ya mayai viza hutoka kwa bakteria wanaofanya kazi pasipo oksijeni. Maganda na mboga ni maji kwa sehemu kubwa. Yakilainika hujilaza, hubanana na kuachia maji yake, na pipa lako halina tundu la kutolea maji wala la kuingizia hewa. Pipa la kuzungusha ukilijaza maganda matupu nalo litakupa uji huohuo. Kazi ya kuozesha hufanywa na vijidudu, na hao wanataka hewa, unyevu wa kiasi na chakula chenye mchanganyiko. Pipa ni nyumba yao tu.

Chakula chenyewe hupimwa kwa uwiano wa kaboni na nitrojeni: takriban sehemu 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Mabaki ya mboga yana kaboni kidogo mno, yaani 15 hadi 20 kwa 1. Majani makavu yana 50 au zaidi, na vumbi la mbao linafika mamia. Ndiyo maana jikoni peke yake hapatoshi, na ndiyo maana vumbi la mbao linatiwa kwa mkono mwepesi. Ukizidisha, lundo linakaa tu bila kuoza.

Basi tandika turubai, mwaga kila kitu juu yake. Kwa kila ndoo moja ya uji, changanya ndoo mbili au hata tatu za vitu vikavu: majani yaliyopukutika, nyasi kavu, maboksi yasiyo na nailoni yaliyochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Kisha chukua konzi moja uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, umepatia. Yakitiririka, ongeza makavu. Konzi ikisambaratika ukifungua mkono, nyunyiza maji. Kipimo hiki nakiamini kuliko vifaa vya kuchomeka, na utakitumia kila unapogeuza.

Kabla ya kurudisha mchanganyiko, tengeneza pipa. (Kama liliwahi kubeba dawa au kemikali, liache kabisa, tafuta jingine.) Kata kitako chote, toboa matundu ubavuni kila baada ya shubiri moja, na uliweke juu ya udongo mtupu, si juu ya saruji, ili maji yazame na minyoo ipande. Chini yake tandaza wavu mgumu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Panya huchimba, lakini wavu huo utawazuia kupenya kwa chini. Anza na vijiti vya unene wa kidole, kimo cha shubiri moja, hewa ipite kwa chini. Mfuniko ubaki, maana mvua ikiingia tunarudi kulekule.

Linalobaki ni mazoea, na hapa ndipo wengi wanapoangukia: weka gunia la majani makavu kando ya pipa, daima. Kila ukimwaga mabaki ya jikoni, yafunike papo hapo kwa makavu mara mbili ya ujazo wake. Nzi hufuata ganda lililo wazi. Likifunikwa hawana pa kutagia. Geuza kwa uma wa bustani kila baada ya wiki moja au mbili. Nyama, samaki, maziwa na mafuta visiingie, wala kinyesi cha mbwa au paka, kwa sababu ya vimelea.

Sasa, lile la kuzungusha. Linafaa kwako kama ua wote ni saruji, kama panya wamekushinda, au kama mgongo haukuruhusu kushika uma. Lakini likijaa ni zito kulizungusha, na ukiongeza maganda kila siku halimalizi kamwe, kwani kila mara kuna kibichi ndani. Ukilazimika kununua, chukua lenye vyumba viwili: kimoja unajaza, kingine kinaachwa kiive. Hizo wiki mbili zisikushawishi. Hata katika hali nzuri kabisa, kinachotoka humo kinahitaji kupumzishwa mwezi au zaidi ndipo kiguse mizizi.

Mwenye majani mengi na nafasi ya kutosha namshauri kreti la mbao lenye mita 1 kila upande. Lundo la kimo hicho huhifadhi joto lake na kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Lita 200 ni sehemu moja tu ya tano ya ujazo huo, kwa hiyo pipa lako litaozesha polepole bila joto kali. Usitie humo magugu yenye mbegu wala mashina ya nyanya zilizougua.

Kwa hiyo fedha yako ningeielekeza kwenye pipa la pili kama hilohilo. La kwanza likijaa, acha kuongeza, endelea kuligeuza, na uhamie la pili. Baada ya miezi kadhaa utakuta kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo uliopata mvua. Usikimwage shambani chote mara moja. Panda maharage machache kwenye mchanganyiko wa nusu mboji nusu udongo, na mengine kwenye udongo mtupu. Yakichipua sawasawa, itumie. Yale ya mboji yakidumaa au kugeuka manjano, iache ikae wiki nyingine nne, kisha upime tena.