Jibu: montaji inaganda kwenye faili za 4K (mimi nilinunua RAM bure)

Ndugu uliyeuliza juu ya montaji (kukata na kupanga) ya video ya arusi yenye urefu wa saa tatu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Programu ya Premiere, laptop yenye prosesa ya Intel i5 kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8, faili za 4K zenye jumla ya GB 140 hivi kwenye diski ya nje, na kila ukigusa taimlaini, ule mstari wa kupangia vipande, skrini inapauka na kukuambia programu haijibu. Karibu wote waliokujibu wamesema ongeza RAM. Mimi niliongeza. Dola 45 zilibaki kwenye duka moja katikati ya mji hapa Lubumbashi, muuzaji akaniapia kwamba neno kuganda nitalisahau. Nikarudi nyumbani Kampemba, nikafunga RAM, nikawasha, nikafungua arusi ileile. Ikaganda palepale.

Sisemi GB 8 zinatosha kwa 4K. Hazitoshi, na GB 16 ndiyo naiona ya chini kabisa kwa kazi hii. Nasema usinunue kitu kabla hujajua ni kiungo gani kinachochoka.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba ukubwa wa faili ndio ugonjwa. Nina faili moja la zamani la GB 60, la kodeki ya ProRes (kodeki ni njia ya kuandika video), saa moja na kidogo, kutoka kwa kaka mmoja wa televisheni. Kwenye mashini yangu hii mbovu linateleza kama maji. Halafu nina kipande cha MB 900 tu, dakika moja na kidogo, kutoka kamera mpya ya 4K, na hicho ndicho kinachoniangusha. Nilipoviweka vyote viwili kwenye taimlaini moja ndipo nikaanza kuelewa.

Kamera za siku hizi, zikirekodi kwa kodeki za H.264 au H.265, haziandiki kila picha nzima. Zinaandika picha moja kamili, kisha kwa nyingi zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu: mkono umesogea, kitambaa kimepepea. Ndiyo maana saa nzima ya 4K inaingia kwenye kadi. Ukitazama tu kuanzia mwanzo hakuna shida. Lakini montaji si kutazama. Unaruka katikati, unarudi nyuma, unakata. Ni kama kumwuliza bibi jambo moja lililo katikati ya hadithi: hawezi kukujibu hapo hapo, lazima arudi mwanzo ndipo afike unapopataka. Mashini nayo inarudi kwenye picha kamili iliyotangulia, inapiga hesabu za picha zote za katikati, ndipo ikuonyeshe moja uliyoiomba. Wewe umeshasogeza mshale mara nne. ProRes na kodeki mwenzake DNxHR huandika kila picha nzima, kwa hiyo faili ni nene lakini kazi ya kulifungua ni nyepesi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, na ndilo lililonimaliza mimi. Kamera yangu ilikuwa imewekwa kwenye 4:2:2 biti 10, mpangilio unaohifadhi rangi nyingi zaidi kuliko 4:2:0 ya kawaida. Rangi nzuri, ngozi ya bibi arusi inatoka vizuri hata chini ya taa za ukumbi. Lakini kadi nyingi za picha hazina mtambo wa kufungua H.265 ya 4:2:2. Kwa Nvidia, msaada huo umeanza na familia ya RTX 50 ya mwaka 2025. Kwa Intel, tafuta kizazi cha 11 kwenda juu. Kizazi cha 8, kama chako na changu, kinafungua H.265 ya biti 10 ikiwa 4:2:0, ila ikiwa 4:2:2 kazi yote inaangukia prosesa peke yake. Ningebadilisha mpangilio mmoja tu kwenye kamera kabla ya arusi, nisingelala saa tisa usiku wiki nzima.

Sasa fanya hivi, leo hii, bila kununua chochote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Windows zetu wengi ni za Kifaransa, kwa hiyo itakuandikia Gestionnaire des tâches, yaani Task Manager. Nenda kwenye ukurasa wa utendaji, uuache wazi pembeni, kisha chezesha taimlaini mpaka igande. Tazama ni mstari upi uliopanda hadi juu. Prosesa iko asilimia 100 na kwenye kadi ya picha ule mchoro wa kufungua video uko sifuri? Ni kodeki, kama mimi. Diski iko 100 na prosesa inapumzika? Ni diski ya nje. RAM imejaa na diski ya C inahangaika? Hapo ndipo waliokushauri RAM wana haki, na unaweza kwenda dukani kwa amani.

Kuhusu diski, piga hesabu kidogo. 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni MB 12.5 kwa sekunde. Hata tundu la USB 2.0, linalotoa MB 30 mpaka 40 hivi katika matumizi ya kweli, linabeba kamera moja. Ukiweka kamera tatu juu ya taimlaini kwa wakati mmoja, diski ya sahani inayozunguka inabidi irukeruke sehemu tatu, na hapo inachoka hata kama hesabu inasema inatosha. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Ukipata SSD, diski yenye kasi isiyo na sahani inayozunguka, weka humo kazi unayoifanya wiki hii, na diski kubwa ibaki ghala.

Dawa iliyoniponya ni proksi. Premiere ya Kifaransa inaziita doublures. Maana yake unatengeneza nakala nyepesi ya kila kipande, unafanya montaji juu ya nakala, na siku ya kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye faili asili. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, nakala ya 1280 kwa 720 ina sehemu moja ya tisa ya hizo. Chagua vipande vyote, bonyeza kulia, Proxy, kisha utengeneze, na chagua ProRes Proxy au DNxHR LB. Usichague H.264 kwa sababu eti ni ndogo. Utakuwa umepunguza nukta lakini bibi bado anarudi mwanzo wa hadithi.

Andaa nafasi. DNxHR LB ya 1920 kwa 1080, fremu (picha) 25 kwa sekunde, hula karibu GB 16 kwa saa, kwa hiyo saa zako tatu ni kama GB 50. Ya 720 ni chini ya hapo. Mashini yangu ilitafuna usiku mzima kutengeneza, nikailaza mezani na kifuniko wazi, nikaenda kulala. Asubuhi nilisogeza mshale kutoka kuingia kanisani mpaka kukata keki na picha ikafuata kidole. Mke wangu aliuliza nacheka nini peke yangu.

Kama Media Encoder, programu inayotengeneza nakala hizo, yenyewe inaganda, tumia ffmpeg, programu ya kuandikiwa amri, kipande kimoja kimoja (weka jina la faili lako badala ya C0007):

ffmpeg -i C0007.MP4 -vf scale=1280:720 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_lb -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le C0007_Proxy.mov

Kisha uziunganishe kwa mkono, Attach Proxies. Fremu kwa sekunde na idadi ya njia za sauti viwe sawa na asili, la sivyo inakataa. Na ile alama ya kubadilisha kati ya proksi na asili iweke kwenye vitufe vilivyo chini ya skrini ya kutazamia, maana siku ya kusahihisha rangi utataka kuona asili.

Usiyetumia Premiere pia umo. DaVinci Resolve, Kdenlive na Shotcut zote zina proksi, na hizo mbili za mwisho ni za bure kabisa.

Nilidhani nimemaliza. Mwezi wa kumi, joto lile tunalolijua kabla mvua hazijaanza, mashini ikaanza tena: asubuhi nzuri, mchana inaganda. Nikalaumu kodeki tena, nikalaumu Premiere, nikafuta nikaweka upya. Mdogo wangu anayenisaidia kushika kamera ndiye aliyeona. Akaniambia, yaya, inaganda kila SNEL inapokata umeme. Nikamcheka. Kisha nikatazama: kweli, delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ikianza laptop inahamia batri, na kwenye batri Windows inaibana prosesa. Kasi iliyokuwa GHz 3 na zaidi ilikuwa imeshuka chini ya 1. Ukiwa kwenye batri ingia mipangilio ya umeme uweke utendaji wa juu, ingawa laptop nyingine hazitakubali kukupa nguvu yote bila waya. Siku hizi mchana wa delestaji napanga tu vipande na kuandika majina. Kukata na kutoa kazi nasubiri umeme urudi.

Nusu ya pili ya tatizo ilikuwa tumboni mwa mashini. Tulifungua kifuniko cha chini. Vumbi letu jekundu la kiangazi lilikuwa limeziba njia ya hewa kati ya feni na zile mbavu za shaba, limeshikana kama kipande cha blanketi. Mdogo wangu alilitoa kwa kibano likatoka zima, na umbo la feni limebaki juu yake. Kabla ya hapo joto lilikuwa linagonga digrii 97, na prosesa ikifika huko inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Baada ya brashi na dawa mpya ya kupitisha joto ilibaki themanini na kitu. Kama hujawahi kufungua yako na uko Katanga tangu mwaka jana, anza hapo, ni bure. Shikilia feni kwa kidole isizunguke unapopiga hewa.

Mengine ni mafupi. Kashe ya Premiere, yaani faili za muda inazojiwekea, inajaa kwenye diski C kimyakimya. Ifute kwenye mapendeleo, sehemu ya Media Cache, na uihamishie diski nyingine yenye kasi. Unapoingiza GB 140 kwa mara ya kwanza, programu inatayarisha sauti ya kila kipande, kuna mstari unaotembea chini kulia. Hiyo si kuganda, nenda ukale bukari urudi. Video za simu na zile za WhatsApp zina fremu zisizo na mwendo mmoja, sauti inaachana na midomo na taimlaini inakwama. Zipitishe kwenye programu ya HandBrake, chagua Constant Framerate, ndipo uingize.

Na angalia inaganda wapi. Kama ni sekunde ileile kila mara, hata ndani ya VLC, programu ya kutazamia video, basi faili limevunjika, pengine umeme ulikatika ukiwa unanakili kutoka kwenye kadi. Nakili upya kama kadi hujaifuta. Kama inaganda popote ovyo, ni mashini.

Wewe sasa fungua kipande kimoja kwa MediaInfo, ni programu ndogo ya bure, utuandikie hapa mistari mitatu: Format, Chroma subsampling, na Frame rate mode. Ongeza picha ya Gestionnaire des tâches uliyopiga wakati imeganda. RAM iache dukani mpaka tuone hivyo.