Vidole vinakufa ganzi kwenye usukani

Swali: Fundi shikamoo, baiskeli yangu ya mlimani nikipanda nayo Uluguru nusu saa tu kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi, ninunue usukani mpya? Msomaji, Morogoro

Jibu: Marahaba. Usikimbilie dukani, hapo mshipa wa fahamu unabanwa kiganjani, anza na raba za kushikia zile pana zenye bawa zinazobeba kiganja, halafu cheki siti isiwe imeinama mbele maana uzito wote unaangukia mikononi. Usukani wenye upana wa milimita 780 kwa mwenye mabega membamba ni mateso kwakweli, ila sogeza kwanza raba na breki kwa ndani ujaribu siku 2 ndo ukate ncha za usukani, ukishakata haurudi. Na tairi la mbele punguza upepo kidogo, mnajaza kama jiwe!